Nuksi kwa Mheshimiwa Waziri

Palikuwa na nchi, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kuifuta basi bado ipo, iitwayo Subirini. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, msomaji, wala usichungulie dirishani. Ukiona mahali panapofanana nayo, macho yako ndiyo yenye makosa.

Serikali ya Subirini ilikuwa haiamini kitu. Haikuamini barua ya mkono, kwa sababu ilikuwa dhahiri kwamba kuna mtu ameiandika. Haikuamini simu, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyozisikiliza na ilijua uongo unaosemwa humo. Barua pepe ndiyo kabisa. Waziri wa Usalama alisimama bungeni akawakumbusha waheshimiwa kwamba pepe ni ile punje ya mpunga isiyo na kitu ndani, inayoruka mama akipeta. "Sasa ndugu zangu," akauliza kwa uchungu, "Serikali nzima ipikiwe pepe?" Wabunge walipiga meza mpaka mmoja akateguka kidole, na kidole hicho kikapewa walinzi.

Kilichoaminiwa ni nukushi peke yake. Karatasi inaingia kwenye mashine huku, inatoka kwenye mashine kule, kila mtu anaona. Kifungu cha kwanza cha Sheria ya Nukushi kilisema: "Kitakachotoka kwenye mashine ya nukushi kitakuwa kweli." Kifungu cha pili kilieleza kwamba kifungu cha kwanza kilitoka kwenye mashine ya nukushi. Hapo mjadala ukafungwa.

*

Katika Wilaya ya Mbele-Kidogo, ndani kabisa ya nchi hiyo, kulikuwa na Shule ya Wasichana ya Tuvumilie, na matroni wa shule hiyo aliitwa Sikujua. Jina alipewa na mama yake, aliyekwenda kwa mganga akidhani tumbo linamuuma kwa ajili ya maharage na akarudi nyumbani na mtoto.

Matroni Sikujua alikuwa na shida moja, na shida hiyo ilikuwa na rangi ya bluu. Mbele ya bwalo palijengwa bomba zuri, likapakwa rangi, likafungwa utepe mwekundu. Maji yalikuwa yameshafika. Ukiweka sikio kwenye bomba uliyasikia yakinung'unika humo ndani. Ila bomba lilikuwa halijazinduliwa, na kwa mujibu wa Wizara ya Maji na Uzinduzi, maji yasiyozinduliwa si maji, ni uvumi. Koplo Kishosha aliwekwa pale na bunduki ili uvumi usienee.

Kwa hiyo wasichana walichota bwawani, kwenye maji ambayo ng'ombe wa kijiji walikuwa wameyazindua wenyewe bila kumngoja mtu. Mmoja baada ya mwingine waliugua homa ya matumbo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na zahanati mpya, lakini nayo ilikuwa na utepe wake, hivyo wagonjwa walilazwa kwenye stoo ya magodoro. Mkuu wa shule hakuwepo. Alikuwa kwenye semina ya uvumilivu tangu muhula uliopita.

"Matroni," alisema Kidawa, msichana wa kidato cha kwanza ambaye homa ilikuwa imemwachia macho na mdomo tu, "si uukate tu ule utepe? Mkasi wa kutukatia kucha unao."

"Shii! Ukuta huu umeshikana na chumba cha Koplo."

"Koplo mwenyewe anachota maji hapo usiku. Nimemsikia akiyaambia yanyamaze."

Sikujua alimfunika shuka mpaka kidevuni, kisha akatoka nje kuangalia kama kuna aliyesikia. Koplo alikuwa anaangalia kama kuna aliyemsikia Kidawa. Wakaangaliana, wakasalimiana kwa adabu nyingi mno.

Uzinduzi ulihitaji kibali cha Waziri wa Maji na Uzinduzi, Mheshimiwa Profesa Kachenje, na Waziri hakusoma kitu ila nukushi. Sikujua akapanda malori ya mkaa hadi makao makuu ya wilaya. Katibu muhtasi wa Mkuu wa Wilaya alimpokea vizuri.

"Mashine tunayo, Matroni. Hii hapa. Kupokea inapokea. Ila kutuma lazima ufunue mfuniko, na juu ya mfuniko amekaa Rais."

Kweli. Picha ya Rais, ya fremu ya dhahabu, ilikuwa imesimamishwa juu ya mashine kwa sababu ukuta ulikuwa umekataa misumari.

"Si tumsogeze kidogo?"

Katibu muhtasi aliutazama mlango, akalitazama dirisha, kisha akautazama mkoba wa Sikujua kama vile unarekodi. "Umesema unataka kumsogeza Rais?"

"Nimesema natamani kumsogelea."

"Hapo sawa," alisema katibu muhtasi, akapumua. "Msogelee, kisha uende zako."

*

Mwalimu Lutengano alifundisha kompyuta. Shule ilikuwa na kompyuta moja, iliyotumia betri ya jua, na wanafunzi waliisoma kwa kupita mbele yake kwa foleni kama watu wanaoaga marehemu. Sikujua alipomweleza, mwalimu alifunga mlango, akafunga dirisha, akafunika kalenda yenye picha ya Waziri Mkuu.

"Ipo njia," alinong'ona. "Unaandika barua pepe ya kawaida. Pale pa anwani, badala ya jina la mtu unaweka namba ya nukushi ya Wizara, halafu ile alama ya a iliyozungushiwa mkia, halafu jina la kampuni fulani ya ng'ambo. Wao wanaipokea, wanaigeuza, inatokea kule Wizarani kwenye mashine."

"Yaani inaingia pepe, inatoka nukushi?"

"Ndivyo."

"Bila mashine huku?"

"Bila mashine."

"Mwalimu, hiyo si dhambi?"

"Dhambi sijui. Kosa bila shaka ni kosa, wakishalitungia jina."

Sikujua alifikiri juu ya stoo ya magodoro. Kisha akavuta kigoda, akaanza kutamka barua, na Lutengano akaipiga kwa herufi kubwa kwa kuwa kitufe cha herufi ndogo kilikuwa kimekufa. Ilikuwa barua ya heshima. Iliamkia, iliomba, ilieleza. Ilipofika mwisho taa ya betri ikaanza kupepesa, na kwenye kioo kukatokea mistari myekundu, mingi, chini ya neno lile lile.

"Nini tena hicho?"

"Kamusi ya Serikali iliyomo humu. Hailijui neno 'nukushi'. Inapendekeza jingine la karibu karibu. Nikubali?"

"Kubali, Mwalimu, moto unaisha!"

Akakubali, mahali pote kwa mpigo mmoja. Akaiagiza ile kampuni iirudie kila asubuhi hadi jibu lije, akabonyeza, na kompyuta ikazimika kwa mguno wa mtu aliyetimiza wajibu.

*

Jibu halikuja. Walikuja watu.

Wa kwanza alikuwa muuza aisikrimu. Huko Tuvumilie hapakuwa na umeme, na aisikrimu yake ilikuwa ni maji ya rangi ya waridi ndani ya ndoo, lakini alisimama getini kutwa nzima na viatu vinavyong'aa. Msichana mmoja akanunua.

"Ladha gani, binti?" aliuliza. "Ya sitroberi, au ya vanila, au unamjua mtu hapa shuleni anayetuma nuksi kwa viongozi?"

"Ya sitroberi," alisema msichana, akaikimbilia stoo kutoa habari.

Neno hilo, nuksi, likaingia shuleni kama moshi jikoni. Kufikia chakula cha mchana kila mtu alikuwa na wa kumshuku. Wasichana walimshuku mpishi, kwa sababu ya maharage. Mpishi aliwashuku wasichana, kwa sababu ya waliyoyasema kuhusu maharage. Koplo Kishosha alimshuku Lutengano, ambaye alikuwa amekutwa akiongea na kompyuta iliyozimwa. Lutengano naye alianza kulala na viatu. Sikujua peke yake hakumshuku mtu. Alijishuku mwenyewe, na hakujua kwa lipi, kwani yeye alituma nukushi, si nuksi.

Kisha likaja gari jeusi, akashuka Inspekta Mkuu Songambele wa Idara ya Mashaka. Idara hiyo ilikuwa kubwa kuliko Wizara ya Elimu, na afadhali, kwani yenyewe ilikuwa na watu wanaojifunza kitu kila siku. Akaamuru shule nzima iketi bwaloni, na kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi jina la mtu anayemshuku. Vikakusanywa. Mpishi aliongoza kwa kura. Mtu mmoja aliandika "Inspekta", na muda mwingi wa asubuhi ukapotea katika kulinganisha miandiko.

Mwisho wakamwita matroni mbele.

"Jina?"

"Sikujua."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Hukujua nini?"

"Ndilo jina langu, afande."

"Hukujua jina lako."

"Nalijua. Ni Sikujua."

"Mama, chagua moja. Ulijua au hukujua?"

"Mimi ni Sikujua, afande. Hata baba yangu alijua."

Benchi la nyuma liliangua kicheko, likakitafuna kwa pamoja. Inspekta alimgeukia karani wake. "Andika: mtuhumiwa ana majibu mawili mawili." Kisha akarudi kwa Sikujua. "Mashine uliyotumia iko wapi?"

"Hakuna mashine."

"Nukushi imetoka bila mashine? Pale juu, ambapo kila nukushi huonyesha namba ya ilikotoka, hii ina sifuri tupu. Imetoka wapi?"

"Imetoka kwenye barua pepe."

"Kwenye pepo?"

"Pepe, afande."

"Andika: amekiri, ametumia pepo."

Hapo Inspekta alitoa karatasi mfukoni. Hakuishika kwa mkono. Aliishika kwa koleo la mkaa lililofungwa kitambaa cheupe. Akaisoma kwa sauti, na kwa kuwa herufi zilikuwa kubwa, aliisoma kwa kupiga kelele.

"MHESHIMIWA WAZIRI, SHIKAMOO. TAFADHALI POKEA NUKSI HII KUTOKA KWETU TUVUMILIE. TUMESHINDWA KUKULETEA NUKSI KWA NJIA YA KAWAIDA, NDIYO MAANA TUNAIPITISHA HEWANI. WATOTO WANAUGUA, TUNAOMBA BOMBA LIFUNGULIWE. TUSIPOPATA JIBU TUTAKUTUMIA NUKSI NYINGINE KILA ASUBUHI, WEWE NA OFISI YAKO YOTE, MPAKA MAJI YATOKE. NI MIMI, SIKUJUA."

Mwalimu Lutengano aliteleza polepole kwenye benchi mpaka zikabaki nywele tu.

"Mmemsikia?" alisema Inspekta. "Anajitetea kabla hajashtakiwa. 'Ni mimi, sikujua!' Huyu ni mzoefu." Akafuta jasho. "Na nuksi imefika, mama, usidhani haikufika. Siku ya kwanza kiti cha Mheshimiwa kilivunjika, kiti kipya, cha ngozi. Ya pili lifti ilimfungia pamoja na mkandarasi aliyekuwa akimkwepa mwaka mzima. Ya tatu, katika Baraza la Mawaziri, Rais alimwita 'Kachenje'. Kachenje tu! Bila Mheshimiwa, bila Profesa. Na kila asubuhi inakuja nyingine. Mashine tungeichomoa, lakini nani aiguse?"

"Si mngeipuuza tu, afande?"

"Mama, sheria! Kitakachotoka kwenye mashine ni kweli. Kimetoka nuksi. Sisi ni nani tubishane na sheria?"

Sikujua sasa aliielewa ile mistari myekundu. Angeweza kusema hapo hapo: afande, ni kosa la kamusi, kamusi yenu, mliyoitunga nyinyi. Inspekta mwenyewe alimfungulia mlango.

"Kama kuna makosa ya uandishi, sema. Utatia sahihi, sisi tutarudi zetu, na ombi lako la maji litashughulikiwa kwa utaratibu wa kawaida."

"Utaratibu wa kawaida huchukua muda gani?"

"Muda wa kawaida."

"Na nisiposema?"

"Utakwenda jela kwa kosa la kumtumia nuksi kiongozi. Sheria haipo bado, lakini tukifika mjini tutaikuta."

Kutoka stoo ya magodoro ilisikika sauti ya Kidawa akitapika, na mwenzake akimwambia pole. Sikujua alilitazama lile koleo. Inspekta Mkuu wa Idara ya Mashaka, mtu aliyewahi kumshuku mama yake mzazi na kumfungulia jalada, alikuwa amekunja miguu juu ya kiti ili isiguse sakafu ya Tuvumilie.

"Siyo makosa, afande," alisema Sikujua. "Ni nuksi."

Lutengano alitoa mlio mdogo chini ya meza.

Inspekta alimsogelea, akashusha sauti ili karani asiandike. "Mama yangu. Hivi... inaambukiza? Maana mimi ndiye niliyeibeba hiyo karatasi njia nzima. Na tairi limepasuka."

"Limepasuka moja tu?"

"Moja."

"Basi bado changa. Mwanangu, nuksi hii haitoki kwa jela. Inatoka kwa maji. Maji yanayotiririka, safi, ya bomba. Walioguswa wanawe mikono, na Mheshimiwa alale usingizi."

*

Wizara ilikaa kikao. Waziri afike Tuvumilie azindue? Hawezi kukanyaga ardhi yenye nuksi. Bomba lifunguliwe bila uzinduzi? Hapo Serikali ingekuwa imeanguka. Mshauri mmoja akaleta wazo ambalo baadaye lilimpatia nishani: uzinduzi ufanyike kwa nukushi.

Siku iliyopangwa, Sikujua alipelekwa chini ya ulinzi hadi ofisi ya Mkuu wa Wilaya kushuhudia. Watu wa serikali walisimama wima kuizunguka mashine. Ikalia. Ikatetemeka. Karatasi ikaanza kujisukuma kutoka, na kila ilipojisukuma ile picha ya Rais ikasogea, ikayumba, ikainama mbele taratibu. Rais alikuwa amewainamia. Katika historia ya Subirini jambo hilo halikuwa limewahi kutokea, na kwa kuwa utaratibu wake haukuwepo, wote wakainama pia, wakabaki hivyo hadi kiuno cha Mkuu wa Wilaya kikalia.

Kwenye karatasi palikuwa na picha nyeusi ya mkasi, pamoja na kidole gumba cha Mheshimiwa kilichobanwa na mfuniko. Chini yake: "MKASI UMETUMWA. KATENI."

Msafara ukaondoka na king'ora. Shule ikapangwa mistari. Koplo Kishosha akakabidhiwa ule mkasi wa karatasi, akaupitisha juu ya utepe mara kadhaa kwa uangalifu mkubwa. Utepe ukabaki kama ulivyo.

Mkuu wa Wilaya hakutetereka. "Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba utepe umekatwa."

Watu wote wakautazama utepe. Inspekta akawatazama watu.

"Kuna yeyote hapa anayeona utepe?"

Msichana mmoja wa mbele aliinua mkono. Jirani yake akaushusha.

"Koplo, unaona utepe?"

"Siuoni, afande."

"Huo usiouona una rangi gani?"

"Mwekundu, afande."

"Vizuri. Matroni, fungua maji."

Sikujua aliingiza mkono chini ya utepe usiokuwepo, akazungusha. Bomba lilikohoa, likatema kutu, likatema mjusi, kisha maji yakaja meupe na mengi. Hakuna aliyepiga makofi. Wasichana walikwishakimbilia ndoo. Aliyetangulia kuweka mikono alikuwa Inspekta. Alinawa hadi kwenye viwiko, akaliosha koleo, akaiosha ile karatasi mpaka ikayeyuka. Ndipo akakumbuka kwamba ndiyo ilikuwa ushahidi.

Taarifa aliyoandika ilikuwa fupi. Pale penye swali "Nani aliyetuma nuksi?" alijaza, kwa ukweli mtupu: Sikujua. Waziri alipoisoma aliguswa. Katika utumishi wake wote hakuwa amewahi kukutana na afisa anayekiri hivyo bila kuzungukazunguka. Akampandisha cheo, na jalada likafungwa.

*

Jioni hiyo Sikujua alichemsha maji, akayapoza, akampelekea Kidawa kikombe. Msichana alikunywa, akakishika kikombe kifuani.

"Matroni, na ile zahanati lini? Muuguzi aliyepangiwa pale anasema dawa zimo ndani. Zinaonekana dirishani."

"Inasubiri mkasi."

"Na sisi?"

Sikujua akatoka, akaenda kwa Mwalimu Lutengano, ambaye sasa alilala bila viatu ila bado alifunika kalenda. Betri ilikuwa imejaa. Akamwomba aandike barua ya shukrani kwa Mheshimiwa Waziri, kwa sababu shukrani ni adabu: kwamba nukushi yake wameipokea, kwamba maji yanatoka, na kwamba kuhusu zahanati wataendelea kumtumia nukushi kama kawaida.

Lutengano alipiga herufi ya mwisho. Mistari myekundu ikajitokeza chini ya neno lile lile. Mwalimu aliacha kidole hewani, akautazama mlango, akalitazama dirisha.

"Matroni, safari hii moto upo. Tuna muda wa kusahihisha. Kamusi inauliza tena."

Kutoka stoo, Kidawa alikohoa.

Sikujua alivuta kigoda, akaketi vizuri, akaikunjua kanga yake magotini.

"Kubali, Mwalimu."